Tundu la Ukutani

Anaeli alipojenga jiko letu Kiborloni
aliacha tundu ukutani, usawa wa kifua changu,
akalipima kwa shibiri, akasema:
hapa, mama Ndeshi, itakaa oveni.

Oveni haikuja. Miaka tisa
tundu likalea redio, vibiriti, kibatari,
na paka aliyezalia humo mara mbili
bila kuomba ruhusa.

Mwaka huu pesa za keki zimetimia.
Nikashuka Moshi mjini, dukani kwa Aminiel.
Akanisifia kioo, akanisifia taa ya buluu,
chuma cha kuzungusha kuku,
programu kumi na mbili.
Nikamwuliza: mlango unafungukia wapi?
Akanyamaza.
Mwenye sinia la moto mikononi
hana haja na programu kumi na mbili,
ana haja ya kujua goti lake litapita wapi
na mtoto amesimama wapi nyuma yake.

Nikauliza tena: raba ya mlango ikichoka?
Koili ikikatika?
Akapiga simu Arusha. Arusha nao wakapiga simu kwingine.
Nikachukua ile isiyo na kuku,
yenye vitufe vinene vya kuzungusha,
vinavyoshikika hata kwa vidole vya unga,
na vipuri vyake vimetundikwa palepale dukani
kama nyama buchani.

Tundu la Anaeli: sentimita hamsini na nane.
Oveni: hamsini na tisa na nusu.
Ndoa zimevunjika kwa kidogo kuliko hicho.
Yeye alisema oveni imezidi. Mimi nilisema tundu limepungua.
Tulilala tumepeana migongo.
Alfajiri nikamkuta na patasi,
vumbi la saruji limemjaa nyusini,
amezeeka kwa saa moja miaka ishirini.
Nikampa chai. Sikusema neno.

Keki ya kwanza ilitoka na kilima:
kushoto imenona na kuungua, kulia imekonda, mbichi ukingoni.
Nikamwita Mbonea, fundi wa Pasua,
mtu wa maneno haba na bisibisi nyingi.
Hakufungua hata skrubu moja.
Aliomba bilauri ya maji, akaiweka ndani, kwenye wavu,
akaniita nichungulie.
Maji yameegemea kushoto
kama mlevi kwenye nguzo.
"Mama, oveni haina kosa. Imekaa upande."
Anaeli akaangalia dari.

Vikapigwa vipande viwili vya mbao chini yake, maji yakatulia.
Keki ya pili ikawa sawa, ila mbichi katikati.
Mbonea akauliza: unaoka saa ngapi?
Saa moja jioni.
Akacheka. Saa moja jioni Kiborloni nzima
inapasha, inapiga pasi, inatazama taarifa ya habari,
umeme unaokufikia wewe ni makombo.
Oka saa kumi alfajiri, majogoo wakiwa wateja wako.

Ya tatu nikaioka alfajiri. Bado mbichi.
Ndipo akaning'inizia ndani kipimajoto kidogo cha duara.
Kitufe kinasema mia na themanini.
Kipimajoto kinasema mia na hamsini na tano.
Tukajaribu siku ya pili, na ya tatu: tofauti ileile, ishirini na tano.
Nikataka irudi dukani siku hiyohiyo.
Mbonea akafunga mkoba wake.
"Mwongo asiyebadilika, mama,
ni nusu ya mkweli. Ungepata anayedanganya
leo kumi, kesho arobaini, hapo ungelia."

Nimebandika plasta juu ya kitufe,
nimeandika kwa kalamu ya bati la shule la Ndeshi:
UKITAKA 180, WEKA 205.

Kipaimara cha Jumapili nimetoa keki nne,
bapa kama meza ya hakimu.
Paka amekuja, amenusa mlango wenye joto,
amenitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Na jana nimemwona Anaeli ukuta wa pili,
amekunjua kiganja, anahesabu shibiri kimoyomoyo.
Sikumwuliza ni cha nini.
Nimemwekea tepu ya chuma dirishani,
mahali ambapo hawezi kusema hakuiona.